Mteremko wa Duluth, Camry ya Texas na shemeji anayetaka 4x4

Swali lililoletwa kwangu huulizwa na karibu kila familia inayohamia kaskazini mwa Marekani: tununue gari gani la theluji? Mke ni muuguzi, Mkenya, amepata kazi katika hospitali moja ya Duluth, Minnesota, baada ya miaka kadhaa Houston. Mume, shemeji yangu, alikulia Kinangop, Kenya, na ujana wake wote aliendesha Hilux ya kutoa viazi na kabichi mashambani msimu wa mvua. Wana Toyota Camry SE ya 2015 waliyokuja nayo kutoka Texas, watoto wawili, na nyumba ya kupanga juu mlimani, upande wa Miller Hill. Wameweka dola 10,000 za gari, na Camry ikiuzwa inaleta kama 9,000.

Mume alikuwa amekwisha kuona anachokitaka: Toyota 4Runner ya 2012, toleo la SR5, 4x4 (inavutwa na magurudumu yote manne), imeinuliwa, imefungwa tairi mpya za matope. Bei dola 18,500. "Shemeji," aliniandikia chini ya picha, "hili likikwama, ujue hakuna litakalopita."

Nilimwomba asitoe arubuni kwanza. 4Runner ni gari zuri na hilo lilionekana halina shida kubwa. Ila alikuwa bado anawaza kwa barabara za Kinangop, ambako swali la kila asubuhi ni nitapitaje. Njia atakayopita mkewe inamuuliza dereva swali jingine: utasimamaje?

Duluth imejengwa kwenye ubavu wa mlima unaoangalia Ziwa Superior. Ziwa liko mita 183 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege ulio juu ya mji uko zaidi ya mita 430. Tofauti hiyo yote unaishuka ndani ya kilomita chache. Maduka makubwa na nyumba nyingi za kupanga ziko juu, hospitali kubwa ziko chini karibu na maji. Kwa hiyo safari ya kazini ni kufuata Central Entrance, kisha kuteremka Mesaba Avenue mpaka mjini, na kurudi ni kupanda. Zamu ya mchana inaanza saa moja kasoro robo asubuhi, na mwishoni mwa Desemba jua la huko linachomoza karibu saa mbili. Anashuka gizani, theluji ya usiku ikiwa imekanyagwa na magari ya waliomtangulia mpaka imekuwa kama sakafu.

Na theluji yenyewe si ya kubahatisha. Msimu wa 2022 hadi 2023 mji huo ulipokea sentimita 356, rekodi yake tangu waanze kupima. Usiku wa kawaida wa Januari uko karibu na nyuzi 17 chini ya sifuri.

Sasa hizo tairi za matope. Hapa ndipo dereva mzuri wa kwetu anapopotea, na anapotea kwa sababu anajua mengi, si kwa kutojua. Kwenye tope, tairi nzuri ni inayojisafisha. Ina meno makubwa na nafasi pana katikati. Ikizunguka, tope linarushwa nje na meno yanachimba tena hadi yakute udongo mgumu. Kwenye theluji iliyogandamizwa hakuna cha kuchimba. Huko tairi nzuri ni inayoishika theluji na kubaki nayo ndani ya mifereji yake, kwa kuwa theluji hung'ang'ania theluji kuliko inavyong'ang'ania mpira. Mtoto akiviringisha bonge la theluji uwanjani linazidi kunenepa; tairi ya baridi inatumia nguvu ileile.

Jambo la pili ni chale. Ukiinama na tochi uone uso wa tairi ya baridi, kila jino limechanjwa chale nyembamba zenye kujipinda, nyingi mno, nyembamba kiasi kwamba kadi ya benki haiingii. Tairi likikanyaga, chale zinafunguka, na kila ukingo unakwaruza barafu na kufyonza ule utando wa maji ulio juu yake. Tairi ya matope ina mabonge ya mpira mgumu yasiyo na chale za maana. Kwenye barafu bonge la namna hiyo linakaa juu na kuteleza, na uzuri wake wote wa Kinangop haulisaidii.

Hata upana unageuka. Matopeni na mchangani watu hupunguza upepo ili tairi ipanuke na gari lielee. Kwenye theluji ya barabarani unataka tairi nyembamba kidogo, ikate theluji laini na kufika kwenye kilicho kigumu chini yake.

Baada ya tairi tulikuja kwenye 4x4 yenyewe. SR5 ya mwaka ule ni 4x4 ya kuingiza, kama Hilux yake: ukiiingiza, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja bila difu ya kati, ile inayoziruhusu kuzunguka kwa mwendo tofauti. Juu ya theluji tupu hakuna neno, tairi zinateleza kidogo na kufidia. Juu ya lami kavu, ukikata kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, mfumo unabana, usukani unakuwa mzito na vyuma vinaumia. Mesaba siku nyingi si theluji tupu. Ni mita mia za lami iliyokaushwa na chumvi, kisha kivuli chenye barafu, kisha lami tena. Dereva ataingiza na kutoa, au atachoka aache gari livutwe na magurudumu ya nyuma peke yake, ambayo kwenye gari la namna hiyo ndiyo yenye uzito mdogo juu yake. Camry, kwa kulinganisha, inavutwa na magurudumu ya mbele, na injini na giaboksi vyote vimeyakalia. Watu wa Minnesota wanaoendesha pikapu tupu hubeba magunia ya mchanga nyuma kutafuta kile ambacho Camry inacho tangu kiwandani.

Yako magari yanayogawa nguvu yenyewe kwa magurudumu manne muda wote. Subaru ndizo zinazojulikana zaidi, na zimejaa Duluth. Hizo hazina tatizo hilo la kubana na zinaondoka vizuri kwenye mwinuko. Lakini turudi asubuhi, gari linashuka. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, liwe 4x4 au lisiwe. Ukishaondoa mguu kwenye mafuta na kuuweka kwenye breki, kinachobaki ni mpira na barafu, basi.

Hesabu yake ni fupi. Kwa kilomita 50 kwa saa, ukiacha muda wa dereva kushtuka, gari kwenye lami kavu linahitaji kama mita 12 kusimama. Kwenye theluji iliyogandamizwa ni karibu mita 40, na kwenye barafu hukaribia 100. Hapo ni tambarare. Weka mteremko wa mita 8 kwa kila mita 100, theluji inadai karibu mita 60, na kwenye barafu mshiko wote unaliwa na mteremko, gari likawa karibu halisimami kabisa. Punguza mwendo uwe nusu, umbali unashuka hadi robo. Nilimwandikia namba hizi shemeji kwenye karatasi moja nikampigia picha, maana yeye ni mtu wa namba kuliko maneno.

Kuna na jambo ambalo wauzaji wa magari hawalitaji. Gari la kuvutwa na magurudumu mawili hukuonya mapema: ukiondoka nyumbani tairi zinazunguka bure kidogo, na mguu wako unapata adabu. 4x4 inaondoka kimya kama vile hakuna kilichobadilika. Unafika mwendo wa kilomita 60 kwa saa kabla hujajua unatembea juu ya nini. Wenyeji wa huko wana mzaha wa zamani kwamba 4x4 hukusaidia kukwama mbali zaidi na nyumbani.

Baada ya hapo mume akauliza swali zuri: Camry ina tairi za misimu yote, zimeandikwa M+S ubavuni (mud and snow, yaani matope na theluji), je, S si theluji? Ni theluji, ila herufi hizo mtengenezaji anaziweka mwenyewe kwa kuangalia umbo la meno na ukubwa wa mifereji. Hakuna aliyeipeleka tairi kwenye theluji kuijaribu. Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, iliyowekwa na watengenezaji wa Marekani na Kanada mwaka 1999. Ili kuipata, tairi lazima ishinde tairi ya kulinganishia kwa asilimia 10 au zaidi kwenye theluji iliyoshindiliwa. Nayo usiiamini kupita kiasi: jaribio lile la Amerika Kaskazini linapima gari linavyoondoka, halipimi breki wala barafu.

Kinachotenganisha kabisa ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi za kawaida huanza kuwa mgumu hewa inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri unagonga kama plastiki. Mpira wa tairi ya baridi umechanganywa ubaki laini. Ubaya wake ni kinyume chake: jotoni unalika upesi. Hili mume alilijua bila kujua. Magari ya mitumba kutoka Japani hufika Mombasa mengine yakiwa na tairi zilizoandikwa STUDLESS, na kila fundi anajua zinavyoisha haraka kwenye lami ya moto. Ni tairi za theluji za Wajapani, zisizo na misumari (vile vyuma vidogo vinavyopachikwa kwenye tairi ili viume barafu), walizozikuza baada ya misumari kuchimba barabara zao na kujaza miji vumbi. Bridgestone walitoa tairi yao ya Blizzak mwaka 1988 kwa soko hilo. Tairi aliyokuwa akiitupa Nairobi ndiyo anayoihitaji Duluth.

Misumari haikuwa kwenye mjadala. Ni kweli inashika barafu mbichi kuliko chochote, na Finland, nchi ya Nokian waliotengeneza tairi ya kwanza ya baridi mwaka 1934, bado inaitumia sana. Minnesota iliipiga marufuku kwa wakazi wake mwaka 1971.

Chaguo jingine lililostahili kufikiriwa ni tairi moja ya mwaka mzima yenye ile alama ya mlima. Kwa mtu anayeishi Minneapolis, kwenye tambarare, asiye na pa kuweka seti ya pili, mimi ningemwambia achukue hizo na asisikilize wa kumtisha. Kwa mtu anayeshuka Mesaba kila siku gizani, hapana.

Basi uamuzi ukawa kubaki na Camry. Sababu moja ilikuwa ndogo lakini nzuri: gari lililoishi Texas halina kutu. Chini yake ni safi, mabomba ya breki ni mazima, boliti zinafunguka. 4Runner ile ilikuwa imekula chumvi ya Minnesota miaka kumi na zaidi, na fremu ya gari la namna hiyo lazima uigonge kwa bisibisi kabla hujatoa hata senti. Camry ya 2015 pia ina mfumo wa kuzuia gari kuyumba, uliolazimishwa kwa magari yote madogo ya Marekani kuanzia toleo la 2012.

Walinunua tairi nne za baridi na rimu nne za chuma, karibu dola 900 kwa jumla. Kwenye saizi tulishuka: SE inavaa 215/55R17 (215 ni upana kwa milimita, 17 ni rimu kwa inchi), wakachukua 205/65R16 inayovaliwa na Camry LE. Kipenyo cha nje ni karibu kilekile, tairi ni nyembamba, na saizi hiyo ni nafuu dukani. Rimu zake mwenyewe zinamwondolea mtu gharama ya kuvua na kuvisha tairi kila msimu. Anahitaji jeki na spana tu. Na hizo 900 si hasara tupu kama mume alivyodhani mwanzoni, kwa kuwa miezi yote tairi za baridi zikitembea, zile nyingine zinapumzika. Walinunua Oktoba. Ukingoja theluji ya kwanza, gereji zina foleni na saizi yako imekwisha.

Kuhusu idadi, muuzaji mmoja aliwaambia mbili za mbele zinatosha kwa kuwa gari linavuta mbele. Huu ni ushauri wa hatari, na kwenye mteremko ni wa hatari zaidi. Ukifunga breki ukishuka, uzito unaenda mbele, mbele panashika, nyuma penye tairi ngumu panabaki pepesi na kuanza kuja ubavuni. Gari linageuka kabla mtu hajasema Mungu wangu. Nne au uache. Na kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 3823 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2023. Tairi ya baridi iliyokaa ghalani miaka saba imekwisha kuwa ngumu hata kama meno yake ni mapya.

Mume alikubali kwa mdomo, lakini nilijua hajaridhika. Kilichomridhisha ni uwanja wa maegesho. Theluji ya kwanza ya kutosha ilipoanguka Novemba, Camry ilikuwa bado na tairi za zamani na zile mpya ziko chini ya ngazi. Jumapili jioni wakaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya majengo, pamoja na mtu anayefanya kazi na mke, mwenye Subaru ya magurudumu manne yenye tairi za misimu yote zilizochakaa. Waliweka ndoo ya rangi kama alama. Kila gari linafika kwenye ndoo kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, dereva anakanyaga breki hadi mwisho, na mahali linaposimama mtoto mkubwa anachora mstari kwa kisigino cha buti. Kwenye kuondoka Subaru iliiacha Camry mbali, na mume akanipigia kelele kwenye simu kwamba si ndiyo hayo aliyokuwa akisema. Kwenye kusimama, mistari ya magari mawili ilikuwa karibu pamoja, wa Subaru mbele kidogo. Kisha akapiga jeki palepale, mikono ikiganda, akabadilisha tairi zote nne na kurudia. Mstari mpya uliangukia karibu theluthi moja nyuma. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa shemeji. Lakini kupanda je?"

Kupanda ni haki yake kuuliza. Mesaba ni njia kuu, inapitiwa na magari ya kusafisha theluji mapema na inamwagiwa chumvi, kwa hiyo Camry yenye tairi hizo inaipanda. Zile avenyu za katikati ya mlima, zinazonyooka kutoka Superior Street kwenda juu kama ngazi, ni habari nyingine. Kama wangepanga nyumba huko, ningesema wauze Camry wanunue Subaru au RAV4 ya magurudumu manne, kisha waifunge tairi zilezile. Ushauri huu ni wa nyumba hii na njia hii.

Kuna na siku ambazo tairi hazina la kusema. Tumbo la Camry liko sentimita 15 hivi kutoka chini. Theluji mpya ikizidi hapo, gari linapanda juu yake na kulala kwa tumbo, magurudumu yananing'inia. Vivyo hivyo tuta gumu ambalo greda linaliacha mbele ya gari lililoegeshwa barabarani. Hilo ni koleo na mgongo wako. Kwa asubuhi za namna hiyo waliamua mke alale kwa mwenzake anayeishi chini mjini, au achukue basi. Hakuna ubaya kukiri kwamba gari halitoki leo.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Betri mpya, kwa sababu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri inabaki na karibu nusu ya nguvu yake. Hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme usiku. Maji ya kioo yasiyoganda. Upepo wa tairi upimwe kila mwezi: unashuka kama paundi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua, hivyo tairi iliyojazwa 35 kwenye joto la Houston inakutwa na paundi 25 tu katika Januari ya Duluth bila tundu lolote. Na mke aliambiwa jambo ambalo hakulitarajia, kwamba asubuhi ya kuogopa zaidi si ile ya baridi kali. Barafu iliyo karibu na sifuri ina maji juu yake na inateleza kuliko ile ya nyuzi 25 chini. Ila kwenye baridi hiyo kali chumvi nayo haifanyi kazi. Ikishapita nyuzi 9 chini hivi inaanza kushindwa, ndipo unaona malori yanamwaga mchanga.

Tairi za baridi zitabaki garini hadi Mei, maana Duluth huona theluji Aprili bila aibu. Karibu dola 9,000 zilizobaki bado ziko benki, na 4Runner nyingine imekwisha kutumwa kwenye simu yangu, hii ya toleo la Limited, ambayo 4x4 yake ina difu ya kati na hutembea muda wote. Nimemjibu kwamba hiyo tunaweza kuizungumza, akishanitumia picha ya fremu kutoka chini na bei ya seti ya tairi za baridi za saizi yake ikiwa imejumlishwa humo.